Anaposema Kwamba Yeye ni Mzigo

Mtu anapotaka kujiua, watu wa nyumbani huuliza kwanza kimempata nini: deni, talaka au kufukuzwa kazi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini nilipokuwa nikimuuguza mdogo wangu hapa Mombasa, baada ya kibarua chake bandarini kuota nyasi, walionisaidia zaidi ni wanasaikolojia wanaouliza mtu huyo anajionaje mbele ya wenzake.

Thomas Joiner, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye baba yake mzazi alijiua, aliandika mwaka 2005 kwamba hamu ya kufa huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana: mtu kuamini kwamba amekuwa mzigo, na kuhisi kwamba hana tena watu wake. Tendo lenyewe, kwa nadharia yake, huhitaji jambo la tatu, yaani kuzoea maumivu hadi woga wa kifo upungue. Kabla yake mwanasaikolojia mwingine, Edwin Shneidman, alikuwa ameeleza kwamba kinachotafutwa ni mwisho wa uchungu wa nafsi usiovumilika, naye Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili, alitilia mkazo kukata tamaa.

Nadharia ya Joiner naithamini kwa kuwa unaweza kuisikia kwenye mazungumzo ya kawaida. Mdogo wangu hakutamka neno kifo, alianza kukataa chakula cha jioni akidai ameshiba, kisha usiku mmoja akatupigia hesabu ya unga, dawa na kodi ya nyumba, akamalizia, "Bila mimi mngepumua." Kumwambia mtu wa namna hiyo amshukuru Mungu kwa uzima, kama walivyofanya majirani (kwa nia njema, sikatai), ni kumwongezea hatia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Alipokiri, hatukumwacha peke yake, tuliondoa nyumbani vitu vya hatari, na siku hiyo hiyo tukampeleka hospitali. Matibabu yalipoanza kumsaidia, tulimrudishia shughuli zilizomhitaji kwelikweli, kama kumsindikiza mama kliniki, maana sifa za bure alizitambua mara moja.

Walio Kenya wasizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Na kama ni wewe unayejiona mzigo, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, kwa maneno yale yale unayojiambia, au nenda hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.