Fundi ujenzi na simu tatu: ipi itakubali kidole chake?

SWALI: Mimi ni fundi ujenzi, niko Mwanza. Simu yangu ya sasa, ambayo sehemu ya kuweka kidole iko chini ya kioo, inanikataa mara kwa mara, hasa jioni nikitoka saiti. Hata siku ya kusajili laini kwa alama za vidole, wakala alinijaribisha vidole karibu vyote. Nataka kununua nyingine na nimeona tatu: Samsung Galaxy A15 mpya, Redmi Note 13 ya 4G mpya, na Galaxy S21 iliyotumika. Ipi ni ya kuaminika kwa alama ya kidole? Jamaa yangu ananiambia niachane na Samsung, eti ziliwahi kufunguka kwa kidole cha mtu yeyote.

JIBU: Kaka, nusu ya jibu ulishapewa na wakala wa laini. Mashine yake haina undugu wowote na simu yako, na bado ilihangaika na vidole vyako. Kwa hiyo shida inaanzia kwenye ngozi. Saruji mbichi ni kali, inakula ngozi, kisha mchanga na matofali vinasugua kilichobaki. Mistari ya kidole inafifia. Ukikaa mbali na saruji kwa muda hurudi yenyewe, lakini najua kazi haikusubiri.

Sasa simu. Usizipime kwa majina ya kampuni, maana hizo tatu zina sensa (sehemu ya kusoma kidole) za aina tatu, na hata hizo Samsung mbili hazifanani.

Redmi Note 13 ya 4G inatumia mwanga. Kioo kinawaka chini ya kidole, na kamera ndogo iliyojificha nyuma yake inapiga picha ya mistari. Kidole laini na safi kinatoa picha nzuri. Kidole kikavu chenye nyufa hakigusi kioo sawasawa, picha inatoka imepauka, na simu inakuambia ujaribu tena. Kwa maelezo yako, nadhani ndiyo sensa unayogombana nayo sasa. Simu yenyewe si mbaya, ila kwa mikono yako naiweka ya mwisho.

Galaxy A15 sensa yake iko ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Hii inapima tofauti ya umeme kati ya mgongo wa mstari na bonde lake, na kidole kinaigusa moja kwa moja, hakuna kioo wala protekta katikati. Maadui wake ni wawili. Wa kwanza ni maji: yakijaa kwenye mabonde, sensa haioni tofauti, kwa hiyo ukinawa jifute kwanza. Wa pili ni wembamba wake, kwa sababu inaona kipande kidogo tu cha kidole kwa wakati mmoja.

S21 inatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yanapita kwenye kioo, yanagonga ngozi na kurudi, na simu inachora mistari pamoja na kina chake. Unyevu na uchafu kidogo haviisumbui sana. Sensa hiyo, ya kampuni ya Qualcomm, ina eneo la milimita 8 kwa 8, wakati ya Galaxy S10 ya mwaka 2019 ilikuwa 4 kwa 9. Kwa mtu ambaye mistari yake imebaki vipande vipande, ukubwa huo ni msaada wa kweli. Kwa sensa peke yake, hiyo ndiyo ningekuchagulia.

Lakini imetumika, na hapo ndipo watu wanalizwa. Vioo vya aina yake ni ghali, basi simu ikivunjika wapo mafundi wanaoifunga kioo cha bei nafuu cha LCD. Kioo hicho kina taa na tabaka nene kwa nyuma, na sensa iliyo chini yake haipati njia. Picha zitaonekana vizuri, kugusa kutafanya kazi, ila kidole basi tena. Kwa hiyo usilipe kabla hujasajili kidole chako hapo hapo dukani na kufungua simu mara kadhaa. Kisha fungua picha nyeusi tupu mahali penye giza: kioo halisi cha S21 kinazima kabisa, cha LCD kinabaki na ukungu wa kijivu. Muuzaji akikataa majaribio hayo, mrudishie simu yake, ukachukue A15.

Jamaa yako hakosei kabisa. Oktoba 2019 ilibainika kwamba Galaxy S10 na Galaxy Note 10, zikivishwa baadhi ya kava za silikoni upande wa kioo, zilikubali vidole visivyosajiliwa. Simu ilikuwa inasoma michoro ya silikoni badala ya kidole. Samsung ilikiri na kutoa sasisho mwezi huo huo. Hiyo si sababu ya kuikwepa S21. Ni sababu ya kutobandika protekta ya bei chee juu ya sensa ya aina hiyo, ambayo pia hukwama kukiwa na hewa kati ya protekta na kioo.

Na usidanganyike na takwimu za matangazo. Ile ya 1 kati ya 50,000 ambayo Apple iliitaja kwa Touch ID, sensa ya kidole ya iPhone, na ambayo Google huidai kwa sensa za Android za daraja la juu, inahusu mgeni kukubaliwa kimakosa. Wewe unalalamikia mwenye simu kukataliwa, na hapo Google inaridhika ikiwa chini ya asilimia 10. Simu inaweza kukukatalia mara tisa kati ya mia na bado ikahesabiwa nzima.

Yoyote utakayonunua, sajili vidole jioni baada ya kazi, maana ndivyo vitakavyokuwa unapoihitaji. Tumia vidole vya mkono usioshika mwiko. Kidole kile kile kisajili mara mbili kama simu inaruhusu, mara ya pili ukikizungusha hadi pembeni na kwenye ncha. Simu ikikuomba namba ya siri baada ya kuwashwa upya, au baada ya saa 72 bila kuiandika, hiyo si hitilafu. Ndivyo Android ilivyopangwa, kwa hiyo namba usiisahau.