Maswali ya Wachezaji: Farasi wa Kavalia Akifa

SWALI: Kaka habari za kazi. Sisi tuko watano, kila Jumamosi tunacheza Pathfinder toleo la kwanza, ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, mimi mhusika wangu ni kavalia, yaani shujaa mpanda farasi, yuko levo ya 7. Juzi farasi wangu kauliwa na joka, na nilikuwa naye tangu levo ya 1. Sasa msimamizi wa mchezo anasema farasi mpya lazima aanze levo ya 1 nimkuze upya, mwenzangu mwingine anabisha anasema nalala tu usiku mmoja asubuhi nina mwingine. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kukaa na mnyama mezani levo 7 sio mchezo, naelewa kabisa unavyojisikia.

Wote wawili wamekosea. Sheria inasema kavalia akifiwa na kipando chake anaomboleza wiki 1, wiki ya ndani ya hadithi sio ya kalenda yenu, halafu ndo anapata mwingine. Na huyo mpya haanzi chini hata kidogo, nguvu zake zinafuata levo yako wewe, kwahiyo kwako anakuja na dadu za uhai 6, yaani kipimo cha ukomavu wake, kama aliyekufa. Anachokosa ni yale mazoea, yaani ule uwezo wa kukuelewa haraka ukimwamuru, ule wa kukwepa milipuko bila kuumia, na ule wa kukaza roho akitaka kurogwa. Vitatu hivyo vinarudi siku ukipanda levo, ukifika ya 8 mko sawa kama zamani.

Mimi hiyo wiki naipenda sana na naomba msimamizi wenu asiifute, maana mnyama akirudishwa kesho yake asubuhi ina maana hakuwa mtu wa hadithi, alikuwa kifaa tu kama upanga. Ila pia isigeuke adhabu ukakaa pembeni unaangalia wenzio wakicheza! Nunua farasi wa kawaida, mwepesi aliyefunzwa vita ni sarafu za dhahabu 110, mzito 300, usichukue yule wa bei rahisi wa 75 ambaye hajafunzwa maana vitani kila raundi utakuwa unarusha dadu kumtuliza na unatakiwa ufike 20. Na hapa wengi hawajui, ile nyongeza ya +4 kwenye dadu ya kupiga ya kavalia akishambulia kwa mbio na mkuki ni yako wewe, haikukatai ukiwa juu ya farasi wa kununua.

Kama mnaweza kuufikia mwili wake na kuna kasisi wa levo ya 9 au zaidi, mfufueni. Almasi ya sarafu 5,000 ni hela nyingi, lakini anayerudi ni yuleyule, na kwa maoni yangu hapo hakuna cha kusubiri levo, mazoea yenu hayajafutika.

SWALI: Shikamoo. Mimi nacheza Dungeons & Dragons ya 2014, reinja wangu, yaani mhusika mwindaji wa porini, ni mfupi anapanda mbwa wake mkubwa. Mbwa akifa nafanyaje? Rafiki yangu mwenye paladini, yaani shujaa wa kiapo kitakatifu, anasema farasi wake hafi kabisa. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Wewe unatafuta mnyama mwingine asiye adui yako, unakaa naye saa 8 mnaungana, basi, na sio lazima awe mbwa tena. Ila kwa umbo lako angalia awe na ukubwa wa kati, akiwa mdogo zaidi hutaweza kumpanda.

Rafiki yako hajadanganya. Farasi wa paladini akiitwa kwa uchawi ni roho iliyovaa umbo la mnyama, akiishiwa pointi za uhai anatoweka tu, na dakika 10 za kumwita upya zinamrudisha yuleyule mzima. Mwambie ashukuru, maana kwenye sheria za 1978 paladini alikuwa anaitiwa farasi mmoja kila miaka 10, ukimpoteza unatembea kwa miguu mpaka miaka iishe. Nilishawahi kumcheza wa aina hiyo, na kila vita nilikuwa nashuka kwanza nimfunge farasi mbali ndo naingia.