Trei zangu hazikauki: maswali yenu ya rojo la karatasi

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka kwa watu wanaotengeneza vitu kwa rojo la karatasi: trei za mayai, sahani, vikopo vya kuoteshea miche. Sishangai. Kibanda changu cha hapa Makorora, Tanga, kimezungukwa na wauza mayai, na kila mwenye kuku hamsini sasa anataka kujua kama trei inatengenezeka uani kwake. Inatengenezeka. Ila wengi wenu mnaniuliza mchanganye nini, na ni mmoja tu aliyekaribia kuniuliza akamue vipi. Namwanza yeye.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Pongwe. Nililoweka magazeti usiku kucha, nikayasaga kwa blenda, nikamimina kwenye kalibu ya wavu, lile umbo la kufinyangia trei. Trei inatoka, lakini siku nne haijakauka, na siku ya tano imeota ukungu. Zilizokauka zimepinda kama kigae. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kosa lako ni kuliachia jua kazi ya mikono.

Tuhesabu kidogo. Trei moja kavu ya mayai 30 ina uzito wa gramu 70 hivi. Ili rojo litandae sawasawa kwenye kalibu linatakiwa liwe jepesi sana, karatasi sehemu 1 katika sehemu 100. Maana yake trei moja imepitiwa na karibu lita 7 za maji. Mengi yanachuruzika yenyewe au yanavutwa na pampu, kwa aliye nayo. Lakini trei ikitoka hapo, hata iwe imenyonywa vizuri, robo tatu ya uzito wake bado ni maji: gramu 280 mkononi, 210 kati ya hizo ni maji. Ukiikamua mpaka karatasi ifike asilimia 40 ya uzito, maji yanayobaki ni gramu 105. Nusu. Kwa trei 100 ni tofauti ya kulipa jua ndoo nzima ya lita 20 na ushee, au kulipa nusu ndoo. Wewe hukunyonya wala hukukamua, kwa hiyo ulilipa zaidi ya hiyo ndoo.

Nyumba gani ya Tanga isiyoijua kazi hii? Nazi ikishakunwa, hakuna anayeianika juani akingoja tui litoke. Inatiwa kwenye kifumbu, inasongwa.

Sasa namna ya kusonga. Tengeneza kalibu mbili, jike na dume, zinazoingiana, na zote ziwe na matundu ili maji yapate pa kutokea. Rojo likishatuama kwenye jike, pitisha sponji nyuma ya wavu linyonye, kisha shusha dume na ukandamize. Mimi natumia jeki ya gari ndani ya fremu ya chuma niliyochomelewa mtaani. Lakini polepole! Mwaka wangu wa kwanza nilipiga jeki mara tatu za harakaharaka, maji yakaruka mpaka ukutani, nikafurahi. Kufungua, katikati ya trei pana tundu la kupitisha ngumi na rojo lote limekimbilia pembeni. Maji yakiharakishwa hubeba nyuzi za karatasi yanapokimbia. Kandamiza kidogo, ngoja michirizi ipungue, ongeza tena. Ikianza kudondosha tone mojamoja, umefika.

Mawili mengine. Blenda yako inasaga mno. Karatasi ikiwa laini kama uji wa mtoto, vile vipande vidogovidogo huziba wavu na maji hayatoki hata ukalie kalibu mwenyewe. Saga mpaka usione maandishi, basi. Na kama una kuni za kutosha, lipashe rojo moto kidogo kabla ya kumimina, kwa sababu maji ya moto ni mepesi kuchuruzika kuliko ya baridi.

Kupinda kunatokana na kuanika. Upande ulioelekea jua unakauka kwanza na kujikunja, wa chini bado umelowa. Weka trei juu ya chanja, kama ile ya dagaa, upepo upite chini na juu, na saa za mwanzo ziwe kivulini. Wakati wa kaskazi utapenda mwenyewe. Masika yakiingia, punguza idadi au tafuta sehemu yenye joto la jiko.

Niweke gundi gani ili trei isivunjike? (Msomaji wa Korogwe)

Usiweke. Karatasi ni nyuzi za mmea, na nyuzi hizo maji yakizitoka husogeleana, zikagusana, zikashikana zenyewe. Ndiyo maana kukamua kunaongeza uimara pia, si ukavu tu: unazisogeza nyuzi karibu kabla hazijakauka. Trei inayovunjika mkononi mara nyingi ni ya magazeti matupu, ambayo nyuzi zake ni fupi na dhaifu. Changanya na maboksi ya kaki. Mifuko ya sementi ya karatasi ndiyo bora zaidi kwa nguvu, ila ikung'ute na kuiosha vizuri, vumbi lake hula mikono. Yale majarida yanayong'aa yaache, ndani yake mna udongo mweupe mwingi unaoziba wavu. Ukiona lazima uongeze kitu, uji mwepesi wa wanga wa muhogo unatosha, na ujue kwamba mende nao wanaupenda.

Naishi Sahare, bahari iko mlangoni. Naweza kutumia maji ya chumvi kusagia?

Kusagia yatasaga. Lakini chumvi itabaki ndani ya trei, na chumvi ya bahari inavuta unyevu hewani. Angalia kopo la chumvi jikoni kwako wakati wa mvua. Trei yako itakuwa hivyohivyo, asubuhi kavu, jioni mbichi. Tumia maji yasiyo na chumvi, ya bomba au kisima, na yale yanayochuruzika usiyamwage. Yarudishe kwenye pipa usagie tena, yamebeba nyuzi nzurinzuri ambazo umeshazihangaikia.

Assalaam alaykum fundi. Tuna harusi Ngamiani mwezi ujao. Nimeona sahani za rojo zinauzwa mtandaoni, nikafikiri nitengeneze mwenyewe kwa magazeti ya zamani. Zitafaa kwa pilau?

Waalaykumu salaam dada yangu. Kwa magazeti, hapana. Wino wa gazeti una mafuta ya petroli, na ukisaga karatasi wino hauondoki, unatawanyika tu. Ndiyo ile rangi ya kijivu unayoiona kwenye trei za mayai. Yai lina ganda lake. Pilau la moto lenye mafuta halina, litaokota kila kitu kilichomo.

Sahani unazoziona mtandaoni hazijaanikwa juani. Zinatengenezwa kwa nyuzi safi, mara nyingi za makapi ya miwa, na hukandamizwa kati ya kalibu mbili za chuma zenye moto wa zaidi ya nyuzi joto 150. Maji yanayotoka hapo yanatoka kama mvuke, na sahani inakuwa laini pande zote mbili. Na bado, bila dawa ya kuzuia maji, mchuzi ungepenya. Viwandani huchanganya nta, au shabu na ulimbo wa msonobari, ndani ya rojo lenyewe kabla ya kulifinyanga.

Ukiwa umeshikilia, tafuta karatasi nyeupe isiyo na chapa, kama vipunguo vya wachapishaji, tengeneza sahani ngumu, na juu yake tandika kipande cha jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Lakini ukiniuliza mimi, pilau la harusi ni la sinia. Sinia linaoshwa na kurudi kwa mwenyewe, hakuna takataka ya kuzoa kesho yake, na watu sita wakilizunguka wanajuana.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa Muheza. Karibu yetu kuna shamba la mkonge, na mabaki yanatupwa tu. Je, hayawezi kuwa sahani au trei?

Mama zangu, hili ndilo swali nililokuwa nikiliombea.

Mkonge ulifika huku mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutoka hapo nchi ikafika kuzalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka, katika miaka ya sitini. Na muda wote huo tumekuwa tukichukua kidogo mno kwenye jani. Singa kavu, yaani zile nyuzi ndefu zinazouzwa, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Linalobaki linatoka nyuma ya korona, ile mashine ya kuchakata majani, likiwa maji ya kijani, nyama ya jani, na nyuzi fupi zilizokatika. Kule Hale, wilaya ya Korogwe, walijenga mtambo wa kupata gesi kutokana na mabaki hayo, lakini sehemu nyingi ni lundo linalonuka.

Mnachokitaka ninyi ni zile nyuzi fupi. Nyama ya jani haishikani, ioshwe iende zake.

Nilijaribu msimu mmoja, kwa hiyo nawaambia nilichokiona. Niliokota gunia la nyuzi, nikaziosha mara tatu mpaka maji yakaacha kuwa kijani na mikono ikaacha kuwasha. Maji ya mkonge mbichi yanawasha kweli, vaeni glavu. Nikazitia kwenye rojo hivyohivyo, ndefu kama kidole. Dakika mbili tu zimefungana mafundo, kama nywele zilizoziba tundu la bafu. Trei ikatoka na vipara na mabonge. Awamu ya pili nikazikatakata kwa panga juu ya gogo, zisizidi nusu ya ukucha, na zikakubali kutawanyika.

Lakini hata hapo hazikushikana na karatasi, zilikaa tu ndani yake kama majani makavu kwenye udongo. Sababu ni kwamba unachokiita uzi mmoja wa mkonge ni furushi la vijiuzi vingi vya kama milimita 3, vimegandishwa pamoja. Mpaka gandisho hilo liyeyuke, hakuna kushikana. Linayeyushwa kwa kuchemsha kwa saa kadhaa na kostiki soda, au maji makali ya majivu kwa asiyetaka soda, kisha kusuuza sana na kutwanga kinuni. Nikatwanga. Kitu kilichotoka kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyopooza, kinateleza vidoleni, na trei yake ukiigonga inalia ko! ko! kama ubao.

Soda ni kali, si ya mchezo. Tieni soda ndani ya maji baridi kidogokidogo, kamwe si maji juu ya soda, maana yatafoka usoni. Sufuria ya alumini hapana, itatoboka. Watoto mbali, siki na maji mengi karibu, siki kwa ajili ya sakafu na maji kwa ajili ya ngozi.

Kazi hiyo ni kubwa na kuni ni ghali, kwa hiyo msitengeneze trei ya mkonge mtupu. Mimi huchanganya sehemu 1 ya mkonge uliopikwa na sehemu 4 za boksi. Kinachonifurahisha ni kwamba nyuzi ndefu huacha njia za maji, rojo linakamulika upesi kuliko la magazeti peke yake. Kabla hamjanunua chochote, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ina kituo cha mkonge Mlingano, hapohapo Muheza. Nendeni mkaulize.

Nani aligundua sahani za rojo? Tuna kazi ya shule.

Mmarekani Martin Keyes, wa jimbo la Maine. Kampuni yake ilianza mwaka 1903. Kuhusu mayai, kifungashio chenye vyumba kwa kila yai kilibuniwa mwaka 1911 na Joseph Coyle, mhariri wa gazeti huko Kanada, lakini chake kilikuwa cha karatasi iliyokunjwa, si rojo. Andikeni kwa maneno yenu, mwalimu anajua maneno yangu.

Trei zikitumika mara moja nazirudisha kwa muuzaji anipunguzie bei. Kuna ubaya? (Mfugaji, Duga)

Upo, ndugu. Trei ya rojo haiwezi kuoshwa, na kila kilichoangukia juu yake, kinyesi, manyoya, ute wa yai lililopasuka, kimenyonywa ndani. Trei inayozunguka mabanda kumi inaweza kubeba magonjwa ya kuku kama kideri au gumboro kutoka banda la mtu mpaka kwako, ukaja kulaumu chanjo. Zilizo safi tumia kwako mwenyewe tu. Zilizochafuka zichome. Nikizipokea za kusaga upya nazichemsha kwanza, na za banda lenye kuku wagonjwa sizipokei hata bure.

Na makumbi ya nazi je, fundi? Nina lori zima.

Makumbi hayakubali. Nyuzi zake ni ngumu, zimejaa kile gandisho nililolitaja kwenye mkonge, tena kwa wingi zaidi, na ukizipika mpaka ziachane unabaki na vijiuzi vifupi visivyo na nguvu. Kwenye rojo zinafanya kazi ya kujaza tu, na zikizidi trei inamomonyoka. Wazee waliyafukia pwani kwenye tope yaoze, wakayaponda wakasokota kamba, na walijua wanachofanya. Uza lori lako kwa wasokota kamba au wenye vitalu vya miche. Ukipata lori la maboksi, hilo nipigie hata usiku.