Tuhesabu mabasi kwanza, kilomita baadaye

Swali la wiki lilikuwa: mtandao wa mwendokasi wa Dar es Salaam, yaani mabasi yenye njia yao maalumu, unapopanuliwa kwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta na kwingineko, kitangulie nini? Wengi watasema lami, wengine nauli. Jibu langu kutoka Kigoma ni fupi: yatangulie mabasi, na pahali pa kuyalaza. Kwa urefu ni hivi.

Awamu ya kwanza ilianza kubeba abiria Mei 2016. Ilikuwa na kilomita 20.9 za njia maalumu, Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na mabasi 140. Tangu hapo kila taarifa ya upanuzi inakuja na kipimo kilekile cha kilomita. Njia ya Mbagala ina 20.3. Zege lilimwagwa, vituo vikaezekwa, halafu watu wakaendelea kubanana kwenye daladala kandokando ya njia tupu, mabasi yakisubiriwa. Kilomita haibebi mtu. Kinachobeba mtu ni idadi ya mabasi yanayopita kituoni kwa saa moja, na idadi hiyo hupatikana kwa hesabu ya darasa la saba.

Chukua njia ya mfano ya kilomita 18, abiria 8,000 kwa saa asubuhi wakielekea mjini. Basi refu lenye mpira katikati tulipangie watu 130. Hata kama karatasi za kiwandani zinaruhusu zaidi, basi lililoshindiliwa hadi mlangoni hukaa kituoni muda mrefu kuliko faida ya wale kumi wa mwisho. Gawa 8,000 kwa 130, unapata mabasi 62 kwa saa. Mwendo wa wastani, vituo vikiwemo, ukiwa kilomita 22 kwa saa, kwenda ni dakika 49 na kurudi 49. Ongeza dakika sita kila mwisho za kugeuza na dereva kupumua, mzunguko mzima unakuwa dakika 110. Basi moja halirudi kuanza tripu nyingine kabla ya hapo, kwa hiyo 62 mara 110, gawa kwa 60: mabasi 114 barabarani. Weka akiba ya asilimia 12 kwa yaliyo kwa fundi, unafika 128.

Sasa mwendo ushuke hadi kilomita 15 kwa saa. Kwenda peke yake kunakuwa dakika 72, mzunguko 156. Abiria ni walewale, lakini sasa unahitaji mabasi 162 barabarani, na ukiweka akiba 182. Kama unayo yaleyale 114, yatapita 44 tu kwa saa na kubeba watu 5,700 hivi. Watu 2,300 wanabaki kituoni kila saa, na saa inayofuata wanakuja wengine 8,000. Ndipo watu wanapoanza kuingilia madirishani na gazeti kuandika kwamba abiria hawana ustaarabu. Ustaarabu hauna uhusiano wowote na mabasi 48 yaliyokosekana.

Mwendo hushukia wapi, ilhali njia ni ya peke yake? Makutanoni. Taa ikizunguka kwa dakika mbili na kuipa njia ya mabasi sekunde 40, basi likikosa zamu moja linasubiri sekunde 80, na hilo linavumilika. Shida ni pale trafiki anapozima akili ya taa na kuongoza kwa mkono. Yeye anaona foleni ya magari madogo, anaiachia dakika tano, na kwenye njia maalumu mabasi matano yanapangana. Akiyaachia yanaondoka yote pamoja. La kwanza linazoa abiria wa kila kituo na kujaa, la pili linapata nusu, la tatu hadi la tano yanatembeza viti. Anayefika kituoni baada ya msafara huo kupita atasubiri sana, kisha atapanda lililojaa. Mabasi ni 62 kwa saa kwenye daftari, ila huduma ni ya mabasi kumi na kitu. Tiba yake haihitaji daraja la juu kila makutano. Inahitaji chumba cha uongozaji kinachoona kila basi lilipo, mamlaka ya kulizuia moja kituoni dakika mbili ili nafasi kati ya mabasi irudi, na makubaliano ya maandishi na polisi kwamba mkono haushiki njia ya mabasi zaidi ya zamu moja ya taa. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko kumwaga zege.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuamuliwa kabla ya zege: mahali pa kugeuzia katikati ya njia. Asubuhi abiria hawapandi sawasawa, wengi huwa nusu ya karibu na mji. Ukiwa na kitanzi cha kugeuzia kilomita ya tisa, mabasi 31 kati ya yale 62 yanaishia hapo na kurudi mjini. Mzunguko wa hayo unakuwa kama dakika 61, kwa hiyo yanatosha 32. Yale ya njia nzima yanahitaji 57. Jumla ni 89 badala ya 114. Umeokoa mabasi 25 kwa kipande cha ardhi kisichozidi uwanja mdogo wa mpira. Sharti ni kwamba wanaopandia nje ya kitanzi wasizidi 4,000 kwa saa, vinginevyo umewaonea wa mwisho wa njia. Lakini kitanzi hicho kisipochorwa mwanzoni, kukiongeza baadaye ni kubomoa nyumba za watu.

Kituo nacho kina kikomo. Basi likisimama sekunde 30 na kuchukua sekunde 15 kuingia na kutoka, utadhani nafasi moja ya kusimama itapitisha mabasi 80 kwa saa. Haiwezekani, maana mabasi hayaji kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Ukivuka nusu ya hesabu hiyo, yanaanza kusubiriana nyuma ya kituo. Kwa mabasi 62 unahitaji nafasi mbili kila upande, zikiwa mbali kiasi cha basi la nyuma kulipita la mbele, na njia ya kupitana. Awamu ya kwanza ilijengewa njia hizo vituoni, na ni jambo la kusifia. Wasije wakazipunguza kwenye awamu zinazofuata kwa kisingizio cha ufinyu wa barabara.

Wapo wanaouliza kwa nini mabasi ya kawaida yasiazimwe pale ya mwendokasi yanapopungua. Vituo viko katikati ya barabara, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango lazima uwe kulia, na sakafu ilingane na jukwaa. Basi la kawaida lina mlango kushoto na ngazi. Litasimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sasa pa kulala. Depo ya awamu ya kwanza ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, na mvua zikizidi mto unadai eneo lake. Maji yakifika kitovu cha gurudumu hayatoki na jua la kesho. Yanaingia kwenye beringi na kuiharibu grisi. Yanaingia kwenye difu, yaani sanduku la gia la ekseli ya nyuma, kupitia tundu la kupumulia, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi asiyefungua na kumwaga oili siku hiyohiyo ataliona basi lile linatembea wiki mbili, tatu, kisha difu inalia. Nyaya na visanduku vya umeme vya chini ni hadithi hiyohiyo. Kwa hiyo depo mpya iwe juu, na iwe karibu na mwisho wa njia upande wa makazi, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri ndiko mabasi yanakoanzia kazi. Depo ikiwa mjini, kila basi linatembea tupu kilomita 18 kabla ya abiria wa kwanza. Mabasi 114 yakifanya hivyo ni kilomita zaidi ya 2,000 za mafuta ya bure kila asubuhi.

Kama mabasi ni ya gesi, hesabu mirija ya kujazia pia. Basi moja likichukua dakika 15 kujaza, mabasi 128 kwa mirija minne ni saa nane. Usiku wa depo, ukitoa kuosha na kukagua, hauzidi saa sita. Mirija sita inamaliza kwa saa tano na dakika 20. Tofauti ya mirija miwili inaweza kuchelewesha mji mzima asubuhi, na sijaiona ikijadiliwa popote.

Sisi wa Kigoma tuna ombi letu. Basi letu linatushusha Mbezi, kituo cha Magufuli, nje kidogo ya Kimara. Anayeshuka pale ana gunia la dagaa na dumu la mawese. Geti la kuzunguka lilibuniwa kwa mtu mwenye mkoba. Katika vituo vinavyokutana na mabasi ya mikoani na treni, kiwekwe mlango mmoja mpana wenye mhudumu, na ndani ya basi nafasi moja isiyo na viti karibu na mlango wa kati. Dumu likivuja mle ndani, kila mtu atajua limetoka wapi.

Na hesabu hii si ya Dar peke yake. Mpiga debe wa Mwanga, hapa Kigoma, anaijua bila karatasi. Mwanga hadi Ujiji na kurudi, pamoja na kupakia, ikiwa saa moja, Hiace 12 zinatosha kutoa gari kila baada ya dakika tano. Ya kumi na tatu haiongezi huduma, inaongeza foleni ya stendi. Dereva anasubiri zaidi, anapata tripu chache, hesabu ya tajiri haitimii, kisha anaanza kukimbiza barabarani na kuacha wanafunzi. Halmashauri inapotoa vibali vya ruti, ianze kwa kukaa stendi na saa mkononi siku tatu, ikiwemo moja ya soko, ipime mzunguko, ndipo iandike idadi ya magari.

Msomaji, Mwanga, Kigoma