Usiiuze Tableti Yako ya Kuchorea Kabla ya Kukagua Haya

Msomaji ameandika kwamba tableti yake ya Huion H640P inasogeza kishale kwenye Linux Mint, lakini mstari haunenepi hata akikandamiza kalamu. Anafikiria kuiuza. Ndugu, subiri. Kishale kikisogea, waya ni mzima, na mara nyingi kinachobaki ni mpangilio tu.

Anza na programu ya kuchorea. Kwenye GIMP 2.10 fungua Edit, kisha Input Devices, chagua kalamu, weka Mode iwe Screen, uhifadhi. Halafu weka Dynamics iwe Pressure Size. Bila hiyo brashi haibadiliki unene. Krita haina usumbufu huo: chukua brashi ya Basic-5 Size uchore. Ndani ya Configure Krita, sehemu ya Tablet Settings, kuna kijaribio kinachoonyesha mkandamizo kwa namba. Namba zikibadilika, tatizo ni brashi. Zisipobadilika, hamia kwenye draiva, yaani programu inayoiunganisha tableti na kompyuta.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva yake, hid_uclogic, inayozihudumia tableti nyingi za Huion na XP-Pen. Mtu anaongeza OpenTabletDriver, draiva nyingine ya kujisakinishia, juu yake, draiva mbili zinagombea kalamu moja, kishale kinaanza kurukaruka. Chagua moja. Kagua kwanza kwa kuandika agizo hili kwenye terminal:

lsmod | grep uclogic

Ikiwepo na kalamu inachora vizuri, usiongeze kitu. Ukiitaka OpenTabletDriver, iondoe ile ya kerneli:

sudo rmmod hid_uclogic

Kisha tengeneza faili la .conf ndani ya /etc/modprobe.d/ lenye mstari huu, ili isirudi ukiwasha kompyuta:

blacklist hid_uclogic

Sasa fungua OpenTabletDriver ubadilishe Absolute Mode iwe Artist Mode. Hatua hii husahaulika sana, na dalili yake ni ileile ya msomaji wetu: Absolute Mode huifanya kalamu kuwa kipanya, na kipanya hakina mkandamizo.

Tableti isipoonekana kabisa, andika lsusb utafute namba ya mtengenezaji: 256c kwa Huion, 28bd kwa XP-Pen, 056a kwa Wacom. Hakuna? Badilisha waya. Waya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi za data.

Jambo la mwisho linawahusu wote, na linaharibu kazi za watu bila wao kujua: duara linalotoka limebonyea. Eneo la H640P ni milimita 160 kwa 100, yaani 16:10, ilhali kioo cha 1920×1080 ni 16:9. Punguza kimo kiwe milimita 90. Kwenye OpenTabletDriver unaandika namba hizo moja kwa moja. Kwa anayetumia X11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) na draiva ya kerneli, pata jina la kalamu kwa xsetwacom --list devices, kisha:

xsetwacom set "jina la kalamu" Area 0 0 32000 18000

Agizo hilo hupotea ukizima kompyuta, kwa hiyo liweke kwenye programu zinazoanza zenyewe. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, xsetwacom haifanyi kazi. Huko tumia mipangilio ya GNOME au KDE Plasma.