Sukari hupanda, ila kwa siku chache

Mnauliza kama sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa kidole kinachonasa, yaani kinachokwama kikikunjwa, humpandishia sukari mwenye kisukari, na kama inaweza kukata kano, ile kamba inayokunja kidole. Ndiyo, sukari inaweza kupanda, hata kama sindano imechomwa kiganjani tu. Dawa haibaki yote pale, nyingine huingia kwenye damu. Mara nyingi sukari huanza kupanda ndani ya siku moja au mbili, kisha hushuka yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wetu tunawaomba wapime mara nyingi zaidi siku hizo na wasijibadilishie dozi bila kuongea na daktari. Sukari ikiwa tayari iko juu sana, au kidole kimevimba, chekundu na cha moto kama chenye usaha, sindano isubiri kwanza.

Na hilo la kuogopa kano kukatika: dawa huwekwa ndani ya ala inayozunguka kano, pale shina la kidole linapokutana na kiganja, si ndani ya kano yenyewe. Mchomaji akisukuma na dawa ikagoma kuingia, anarudisha ncha nyuma kidogo mpaka iende kwa ulaini. Halazimishi.

Usiku wa kwanza kidole kinaweza kuuma kuliko mwanzo, usishtuke. Ila mjue, kwa wenye kisukari sindano hii haifanikiwi sana kama kwa wengine. Kikirudi kunasa, ulizeni kuhusu upasuaji mdogo wa kuifungua hiyo ala.