Morse si jasusi, na mshukiwa si mhalifu

SWALI: Mwalimu, mimi na mume wangu tunatazama tamthilia ya zamani ya Uingereza, Inspector Morse. Yeye humwita Morse jasusi, mimi nasema kachero. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, dada yangu. Jasusi, neno tulilolichukua kwa Waarabu, huchimba siri za adui au za nchi nyingine. Morse ni polisi wa mjini Oxford, mwenye gari jekundu aina ya Jaguar na kiu ya bia. Kwenye maandishi rasmi mwite mpelelezi; barazani kachero linatosha. Yamekwisha hayo.

Ila umenichokoza, maana kuna neno la kipolisi linaloninyima usingizi: mhalifu. Asili yake ni halifu, kwenda kinyume, kwa hiyo mhalifu ni mtu aliyekwisha kuvunja sheria. Sasa tazama habari zetu zinavyoandikwa: “Mhalifu anayeshukiwa kumuua jirani yake amekana mashtaka.” Mhalifu, anayeshukiwa, amekana! Kama ni mhalifu, wanashuku nini tena? Na kama anashukiwa tu, nani kamhukumu? Mwandishi, kabla ya chai ya saa nne?

Katika filamu 33 za tamthilia hiyo, zilizorushwa na televisheni ya ITV kati ya 1987 na 2000, Morse, akiigizwa na John Thaw, mara nyingi humshuku asiyehusika, tena kwa kujiamini kabisa. Sajini Lewis, msaidizi wake, ana wasiwasi, bosi hasikii. Mara inaokotwa maiti nyingine, hesabu zinaanza upya. Mpe mwandishi wetu aisimulie filamu moja tu: tutapata mhalifu wa kwanza, mhalifu wa pili, mhalifu wa tatu, na muuaji mwenyewe bado yuko chuoni anakunywa mvinyo na maprofesa.

Maneno yapo, jamani. Polisi wakimtilia shaka ni mshukiwa, wapendavyo Kenya, au mtuhumiwa, wapendavyo Tanzania. Hapo sigombani na mtu. Akisomewa mashtaka kortini ni mshtakiwa. Hatia ikithibitika, mwiteni mhalifu mpaka mchoke.

Morse mwenyewe, aliyekuwa hachoki kumsahihisha Lewis sarufi na tahajia, habari ile angeirudisha imejaa wino mwekundu.

Nilitaka kuwageukia na wanaoandika “maiti ya marehemu”, kana kwamba walio hai nao wana maiti zao, lakini hao wamenishinda. Waandike tu.